Ofisi Sebuleni: VPN Inafunga Nini na Inaacha Nini Wazi

Tangu mtandao wa X ufungiwe Tanzania mwezi Mei 2025, ukitaja VPN, yaani njia ya siri ya kupitisha mawasiliano ndani ya intaneti, mbele ya watu wengi hudhaniwa unatafuta uchochoro wa kuingilia tovuti iliyozuiwa. VPN ya ofisi ina kazi nyingine, ingawa teknolojia ni ileile. Mhasibu aliyeko nyumbani Tabata anawasha programu kwenye laptopu yake, programu inajitambulisha kwa ruta (kifaa cha kugawa intaneti) ya ofisi iliyoko Kariakoo, na kuanzia hapo kila kinachopita kati yao husimbwa ili mtu wa njiani asikisome, laptopu nayo ikahesabiwa kuwa imo ndani ya jengo. Kule kuhesabiwa kuwa imo ndani ndiko kunakozaa faida na balaa kwa pamoja.

Nianze na faida. Ofisi nyingi ndogo bado zina seva yao stoo, yaani kompyuta kuu yenye vitabu vya hesabu na majalada ya wateja, na mfanyakazi wa nyumbani hana budi kuifikia kwa namna moja au nyingine. Pasipo VPN, mara nyingi fundi hufungua ruta ili kompyuta ya ofisi iendeshwe kwa mbali na yeyote mwenye nywila, na kwa kufanya hivyo huianika kwa intaneti nzima, ambako mashine za wadukuzi hubahatisha nywila usiku na mchana. Ama wafanyakazi hubeba mafaili kwenye fleshi au kujitumia kwa WhatsApp, na baada ya wiki mbili hakuna ajuaye nakala ipi ndiyo ya kweli. Kwa mwajiri anayebanwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, au ile ya Kenya ya 2019, mazoea hayo ni vigumu kuyatetea.

Malalamiko ya watumiaji, hata hivyo, si uvivu. Faili la Excel lililo kwenye folda ya pamoja halifunguki kwa safari moja. Laptopu na seva huulizana na kujibiana mara nyingi, na kila swali husubiri jibu lake, kwa hiyo hata mwenye bando la kasi huona faili likijikongoja. Muunganisho ukikatika katikati ya kuhifadhi, mhasibu wetu akirudi hukuta ujumbe kwamba faili linatumiwa na mtu mwingine, kumbe mtu huyo ni yeye mwenyewe wa dakika tatu zilizopita. Kuna pia gharama isiyoonekana mapema: ofisi inayotumia intaneti ya laini ya simu kwa kawaida haina anwani yake ya IP (namba inayoitambulisha kwenye intaneti) ya kudumu, kwa kuwa mtoa huduma huwagawia wateja wengi anwani moja, na bila ya kulipia anwani ya kudumu VPN ya kawaida haina pa kupiga hodi.

Lakini udhaifu mkubwa ni ule wa kuaminiwa kupita kiasi. Mwezi Mei 2021, kampuni ya Colonial Pipeline, inayosafirisha karibu nusu ya mafuta ya pwani ya mashariki ya Marekani, ilisimamisha bomba lake baada ya wadukuzi kuingia kupitia akaunti ya zamani ya VPN iliyokuwa haitumiki tena ila haijafutwa, na ambayo ilihitaji nywila tu, bila uthibitisho wa hatua ya pili, kama namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Kampuni ililipa kikomboleo cha bitcoin 75. Hapo usimbaji haukuvunjwa. Ufunguo ulikuwa halali, na aliyeushika ndiye hakuwa.

Mashine yenyewe ya VPN nayo hukaa mlangoni, ikitazamana na dunia nzima. Mwanzoni mwa 2024 serikali ya Marekani iliziamuru taasisi zake kuzitenganisha na mtandao mashine za VPN za kampuni ya Ivanti kwa sababu ya kasoro zilizokuwa tayari zikitumiwa na wavamizi. Google, baada ya kushambuliwa mwaka 2009, ilichagua njia nyingine kabisa: kila programu imkague mtumiaji na kifaa chake, awe ofisini au nyumbani, bila kudhani kuwa aliye ndani ni mwema. Njia hiyo naiona bora kwa ofisi ambayo kazi zake zimekwisha kuhamia kwenye wingu, yaani kwenye seva za kampuni nyingine zinazofikiwa kwa intaneti. Kuilazimisha VPN huko ni kuwazungusha watu bure. Kwa mwenye seva stoo na fundi anayekuja mara moja kwa mwezi, bado ni ndoto ya mbali.

Kwa huyo wa stoo, mimi nakaa upande wa VPN, ila iliyobanwa: hatua ya pili kwa kila mtu, mhasibu afike kwenye seva ya hesabu na asifike kwenye kamera wala kompyuta ya bosi, na akaunti ifungwe siku ileile mtu anapoacha kazi. Kwa Tanzania inaongezeka karatasi moja, maana Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, iliwataka watu na kampuni wanaotumia VPN kwa shughuli halali watoe taarifa zao, ikiwemo anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Mwenye anwani ya kudumu huijaza mara moja. Mwenye laini ya simu atajaza ipi, ikiwa ya leo asubuhi si ya jioni?