Stovu ya Nyanya na Baridi ya Belfast

Mombasa mwezi wa Januari mtu hatafuti joto. Joto ndilo linalomtafuta, mpaka chumbani. Kwa hivyo kaka yangu alipopiga simu ya video kutoka Belfast, Ireland ya Kaskazini, amevaa koti, kofia na glavu ndani ya nyumba, Nyanya alidhani anaumwa.

"Boila imezima, Nyanya," akasema, meno yakigongana.

Kule kwao nyumba nyingi hupashwa joto kwa mafuta. Nje kuna tangi, kuna boila ya kuchemsha maji, na maji hayo huzungushwa kwa mabomba mpaka kila chumba. Tangi lilikuwa limekauka. Kaka akanunua jerikeni ya lita 20, akamimina, akabonyeza kitufe chekundu. Boila ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Fundi wa kule naye ana nafasi wiki ijayo.

"Yala mafuta gani?"

"Mafuta ya taa, Nyanya. Haya haya yetu."

Ndipo balaa lilipoanza. Nyanya akajifunga leso kiunoni. "Kumbe ni stovu tu! Hebu nitolee yangu uvunguni nimuonyeshe."

Mimi nilikuwa na nikaha ya rafiki yangu baada ya Isha. Kanzu yangu nyeupe, imetiwa wanga na kupigwa pasi, nilikuwa nimeitundika mlangoni pa jikoni, ambapo ndipo mahali pekee panapopita upepo katika nyumba yetu hapa Mji wa Kale. Nikajaribu kusema wakati hautoshi. Nikakabidhiwa simu niishike.

Stovu ile haikuwa imeguswa tangu mwaka 2018, serikali ilipoweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili watu waache kuyachanganya na dizeli. Nyanya, ambaye hajamiliki hata baiskeli, aliuchukua ushuru ule kuwa ametukanwa yeye, akahamia gesi. Mafuta yaliyosalia akayaweka kwenye jerikeni yake uvunguni, na huko ndiko yalikokaa miaka yote hiyo.

"Kosa lako," akamwambia kaka huku akimimina, "ni kuliacha tangi likauke. Maji ni mazito kuliko mafuta, hukaa chini na matope. Ukifika tone la mwisho wavuta uchafu mtupu. Chujio lipo?"

"Lipo."

"Lifungue, ulisafishe."

Palepale akaipindua jerikeni yake kichwa chini, akaipiga makofi mpaka tone la mwisho likaingia stovuni.

Lakini kazi ya tambi anaijua, hilo simnyimi. Alizivuta moja moja kwa kucha, akakata vichwa vilivyoungua kwa mkasi wa kushonea, kisha akapitisha kidole juu yake kuhakikisha zote ziko sawa. "Moto ukiwa wa buluu, pika. Ukiwa wa manjano, liage sufuria lako." Akawasha kiberiti.

Ulikuwa wa buluu kwa muda wa kusema bismillahi. Kisha ukaanza kupasuka, pa! pa! tatata!, ukageuka manjano, na moshi mweusi ukainuka.

"Nyanya, hayo mafuta yana maji!" kaka akapiga kelele kutoka Belfast.

"Wewe safisha chujio!"

Moshi ukaufuata upepo, na upepo ulikuwa unapita kwenye kanzu yangu. Kila nikitaka kuikimbilia, Nyanya anafoka: "Usiisogeze simu, mwenzio haoni!"

"Moto! Moto!" Kichochoro kizima kikatumiminikia. Jirani mmoja alikuja na ndoo ya maji. Jirani wa pili, fundi wa malori kule Changamwe, alikuja na gunia lililorowa. "Maji kwenye mafuta? Wataka kutuchoma?" akamfokea yule wa ndoo, akaifunika stovu, moto ukafa. Hapo sauti ikatoka kwenye simu: "Nimelisafisha, bado haiwaki!"

Fundi akaninyang'anya simu. "Mafuta yalikwisha kabisa?"

"Kabisa."

"Basi imevuta upepo, sawa na lori la dizeli. Kwenye pampu tafuta skrubu ndogo. Weka chombo chini yake, ilegeze, kisha bonyeza kitufe. Litatoka povu, ngoja mafuta yaje safi, hayana viputo, ndipo ukaze. Na usibonyezebonyeze ovyo! Mafuta yatajaa ndani, yakishika yatakulipukia."

Kaka akatoweka kwenye skrini. Tukasikia chuma kikianguka, tukasikia matusi ya Kiingereza, kisha boila ikanguruma na isinyamaze. Watu wote mle jikoni, puani masizi matupu, wakapiga makofi.

"Si niliwaambia," Nyanya akasema akijipangusa uso. "Ilitaka mtu anayejua stovu."

Kanzu ilikuwa imebaki nyeupe upande wa ukutani tu. Adhana ya Isha ikalia. Fundi akanihurumia, akaniazima yake. Yeye ni mtu wa futi sita na tumbo la heshima. Mimi kaskazi ikivuma kwa nguvu hushika ukuta. Nikaingia nikahani nimeikusanya kwa mikono miwili nisiikanyage. Bwana harusi, aliyekuwa akimngoja kadhi huku anatetemeka, akasahau hofu yake yote, akaninong'oneza: "Huyo mwenzako mliyekuja naye humo ndani, yeye alialikwa na nani?"