Jioni Niliyoposwa na Kantangaze

Kantangaze, yule nondo mdogo anayeshambulia nyanya akiwa bado kifunza, anaudhi kwa sababu humwoni akila. Unaona jani lina mabaka, unaliinua juani, na mle ndani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, kuna kifunza kimejilaza kinatafuna. Nilikuwa nimenyunyiza dawa mpaka mikanda ya bomba ikanichubua mabega. Dawa inapiga juu, mwenyewe yuko ndani kama mpangaji asiyelipa kodi: anasikia mvua kwenye bati, anageukia upande wa pili, analala.

Bwana shamba akaja, akachungulia, akanisimulia ukoo mzima. Kwamba mdudu huyu kwao ni Amerika ya Kusini, wataalamu walimwandika mwaka 1917 kutoka Peru, mwaka 2006 akaibukia Uhispania, na toka hapo hajakaa chini mpaka alipofika kwenye nyanya zangu. Mimi hata pasipoti sina.

Akasema jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 260, kwa hiyo tuwanase madume kabla hawajawafikia wake zao. Akanipa kipira kidogo chenye harufu ya jike. Kinaning'inizwa juu kidogo ya beseni la maji yenye sabuni. Dume akiinusa hiyo harufu anajua ameitwa, anakuja mbio amejichana nywele, anatua, sabuni inamnyima pa kusimama, anazama.

"Ukikishika vaa glavu, mzee," akaongeza huku anawasha pikipiki. Neno linalosemwa juu ya pikipiki inayonguruma mimi huwa silihesabu kuwa ni ushauri.

Mabeseni yote siku hiyo yalikuwa na nguo, na Mama Neema hana mzaha na mabeseni yake. Nikakitoa kipira kwenye pakiti, nikakinusa. Hakinuki kitu. Nikakitia mfuko wa shati, upande wa moyo, nikaenda kutengeneza mitego ya pili wakati nasubiri beseni.

Hii ilikuwa ya inzi weupe, wale wanaonyonya majani na kuleta ugonjwa wa rasta, mche ukajikunja na kudumaa. Inzi weupe wanaipenda mno rangi ya njano. Nikakata madumu ya njano, nikayapaka grisi, nikayatundika kwenye miti ya kuegemezea, usawa wa vichwa vya minyanya. Kazi safi kabisa, ingawa najisifu.

Jua likaanza kushuka. Nondo wa kantangaze mchana hujificha majanini, jioni ndiyo saa yao ya kutembea. Akaja mmoja, wa kijivu, hafiki hata sentimita moja, akatua kifuani. Nikampuliza. Wakaja wawili. Kisha wakaja kama waliotumiwa kadi, wote wanaulizia mfuko wa kushoto. Nikawapangusa kwa mkono, na mkono wenyewe ndio ule uliokuwa umeshika kipira, basi kundi likagawanyika: wengine kifuani, wengine wanaufuata mkono. Nikajikuna shingo. Wakahamia shingoni.

Mama Neema alikuwa amesimama kwenye tuta la mwisho.

"Baba Neema, hao wageni wamemfuata nani?"

"Wanamfuata jike."

"Jike yupi?"

"Mimi."

Akageuza ndoo, akaikalia. "Basi waambie umeshaoa."

Nikarudi nyuma nikirusha mikono, mgongo ukaenda moja kwa moja kwenye dumu. Nilipogeuka kujinasua, na kifua nacho kikapata grisi yake. Minyanya ikatikisika, inzi weupe wakainuka wingu zima, wakanifuata mgongoni.

"Hivi hilo shati," akauliza pale kwenye ndoo, "ni la rangi gani?"

Lilikuwa la njano.

Asubuhi bwana shamba akarudi kukagua. Beseni lilikuwa tayari ila halikuwa na hata nondo mmoja, maana kipira kilikuwa bado mfukoni. Akauliza mtego uko wapi. Mama Neema akamletea shati, kalishika kwa vidole viwili. Yule kijana hakucheka, akatoa kalamu. Upande wa mbele, kantangaze, madume watupu. Upande wa nyuma, inzi weupe na vidukari wenye mbawa. Akaandika yote kwenye daftari la serikali.

"Mtego mzuri, mzee. Ni wa kampuni gani?"

Halafu akanikatisha furaha: dume mmoja aliyesalia anaweza kupanda majike kadhaa, kwa hiyo majani yenye vifunza yachumwe na kufukiwa, mtego uwepo usiwepo. Nilichuma hadi mgongo ukakataa kunyooka.

Shati lilifuliwa, likafuliwa tena. Lilipoanikwa, jioni nondo wakaja kukagua kamba nzima, pamoja na sare za watoto, na Mama Neema akalifukuza nyumbani. Sasa limevalishwa mti shambani, mikono imenyooshwa, kipira mfukoni, beseni chini yake, na linafanya kazi kuliko mimi.

Shida imebaki kwa mzee jirani, ambaye macho yake jioni si ya kutegemea. Juzi alikuja kushtaki kwamba nimeingiwa na dharau: kila akipita ananikuta nimesimama kwenye nyanya, ananisalimia, sijibu.

"Umsamehe, baba," Mama Neema akamwambia. "Saa hizo huwa ana wageni."