Siku 28 za kumrithi mpishi mkuu

Wenye hoteli wa Malindi na Watamu wamechoka na jambo moja: mfanyakazi wa miaka mingi akiahidiwa elfu chache zaidi Diani au Dubai, anafunga virago. Nao wana hoja. Masika yakiingia Aprili Waitaliano wengi huwa wameshakwenda zao, vyumba vinabaki vitupu, na bili ya stima haijui msimu.

Lakini mzigo wa msimu huo anautwishwa nani? Mpishi mkuu anaambiwa aende likizo bila malipo mpaka aitwe, na karo ya muhula wa pili inamngoja papo hapo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi amlipe kila mmoja angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Huyu hakupunguzwa, ameambiwa asubiri tu, kwa hiyo halipwi hata hizo. Wageni wakirudi, analetewa meneja mpya kutoka mbali, ambaye swali lake la kwanza ni samaki wananunuliwa kwa nani. Hapo ndipo mtu anapoanza kupokea simu za Dubai.

Sheria hiyohiyo inataka notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi akitaka kuacha kazi. Siku 28! Nahodha yupi kolekole wake hawajalala kwenye barafu, nani anakubali kukopesha mpaka wageni walipe, mzee yupi wa kila Januari hagusi pweza: yote hayo yakabidhiwe kwa siku 28, na likizo aliyokuwa anadai ikatwe humohumo. Stoo ina daftari la unga na mafuta. La mambo haya halipo. Nyongeza ya mshahara nayo hutolewa barua ya kuacha kazi ikishafika mezani, wakati mwenyewe kashatoa neno kwingine.

Badala ya likizo bila malipo, walipwe nusu: nusu mshahara kwa wakubwa wanne wa hoteli kama mpishi huyu, kwa miezi mitatu ya ukame wa wageni, ni sawa na mshahara kamili wa mtu mmoja kwa miezi sita. Hoteli ya vyumba hamsini inayolalamika kuwa hiyo ni ghali, sijui Desemba yenye mpishi mgeni inaihesabu vipi. Ya vyumba sita haiwezi, nakubali. Basi hiyo imwandikie mtu wake tarehe ya kurudi kazini, isainiwe kabla hajaondoka, na meneja asiajiriwe bila yeye kuulizwa.