Shingo ya Mzee, Bunduki Zangu

Mzee mwenyewe sina ugomvi naye hata chembe. Alikuja kupiga picha, akaketi alipoambiwa aketi, akatulia kama alivyoambiwa atulie. Yaliyofuata ni kazi ya kamera, na kamera haina kwao ukaenda kuishtakia.

Nina duka la steshenari Tanga: fotokopi, lamineshi, barua za maombi ya kazi, na picha za pasipoti za papo kwa papo. Mchana kompyuta ni ya wateja. Usiku, mlango wa chuma ukishashuka nusu, inageuka Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, ya mwaka 1940, na mimi nakuwa rubani juu ya mlango-bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Gemu ni IL-2 Sturmovik: Cliffs of Dover, la tangu 2011, na wanaolicheza hadi leo ni wabishi wa kuzaliwa. Kikosi chetu ni Waswahili wachache tuliotawanyika, na kiongozi ni kijana wa Mombasa anayefanya kazi Maskati, jina lake la hewani Kipanga. Tukiwa angani tunasema kushoto, kulia, juu, chini, basi. Ile desturi ya marubani ya kutaja upande kwa namba za uso wa saa tuliiacha mapema, maana "saa tatu" ya mmoja iko kulia na ya mwenzake iko kushoto, na watu walishagongana kwa ajili hiyo.

Wasioujua mchezo huu hudhani kazi ni kulenga na kufyatua. Kulenga kunakuja mwisho. Kazi ni shingo. Oswald Boelcke, Mjerumani aliyeandika kanuni za mapigano ya angani mwaka 1916, aliwataka wenzake washambulie jua likiwa mgongoni, wapige wakiwa karibu kabisa, na wasimwondolee adui macho. Sasa utamkazia macho vipi na mkono mmoja uko kwenye jostiki, mwingine kwenye moto wa injini? Wenye fedha wananunua vifaa vya kuvaa kichwani. Mimi nina kamera ya picha za pasipoti. Nimeweka programu ya bure inayoutazama uso wangu: nikigeuza shingo kidogo, rubani anageuka mpaka anaona mkia wa ndege yake, nikisogea mbele, naye anasogelea kioo cha kulengea na kila kitu kinakuwa kikubwa. Inafanya kazi vizuri sana, maadamu uso ni mmoja.

Usiku huo tulikuwa juu ya Dover, na chini yetu kulikuwa na Messerschmitt 109, ndege ya kivita ya Wajerumani, peke yake, imezubaa. Kipanga akasema hewani, "Huyo wako. Mimi nakulinda mgongo."

Wema ulimponza.

Nikaanza kushuka. Spitfire za mwanzo zina bunduki nane za rashasha mabawani, kila moja ina risasi 300, na ukibonyeza bila kuachia zinakwisha kwa sekunde 15 hivi. Kwa hiyo humwagi ovyo. Tena ziko mbali na pua, nne huku na nne huku, zimeelekezwa ndani kidogo ili risasi zikutane mbele. Waingereza waliingia vitani wakiwa wameyapanga makutano hayo yadi 400, kama mita 365, na maadui wakawa wanatobolewa tobolewa na kurudi kwao. Adolph Malan, rubani wa Afrika Kusini, alikuwa mmoja wa walioyasogeza hadi yadi 250, na alisisitiza mtu apige kwa sekunde moja au mbili tu, tena akiwa ameshalenga kweli. Mimi mwanafunzi wake. Yadi 250, sekunde mbili, na pumzi nimeibana.

Nyuma yangu nikasikia, "Hodi!"

"Karibu. Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeona taa. Picha za pasipoti unapiga saa hizi? Nina basi la alfajiri kwenda Dar."

Mteja wa usiku mwenye safari ya alfajiri haombi punguzo. Nikamwonyesha kigoda bila kugeuka, nikanyoosha mkono nikawasha taa kubwa ya picha, nikamwambia, "Keti pale mzee wangu, dakika mbili tu. Tulia hivyo hivyo, angalia kamera."

"Kofia nivue?"

"Vua."

Nikamsikia akivua kofia, akatoa leso, akajifuta kipara taratibu mpaka akaridhika. Kigoda kikalia. Kimya. Mzee alikuwa ameshaanza kupigwa picha.

Huku mbele, 109 ikanishtukia. Haikuzunguka, ilisukuma pua chini ghafla na kupotea chini ya bawa langu. Hiyo ndiyo hila yao, na inauma kwa sababu ni ya ufundi, si ya ushujaa. Injini yao ya Daimler-Benz inapuliziwa mafuta moja kwa moja, kwa hiyo inakubali kusukumwa chini. Merlin, injini ya Spitfire, ina kabureta. Ukisukuma pua kwa nguvu, mafuta yanaruka juu, injini inakohoa na kukata. Mhandisi mmoja mwanamke, Beatrice Shilling, aliwapoza Waingereza kwa kipande kidogo cha chuma chenye tundu, lakini hiyo ilikuwa 1941. Mimi niko 1940. Nikasukuma, injini ikakohoa, moshi ukatoka, jamaa akaniacha.

Nikainama kuelekea kioo cha kompyuta, pua inakaribia kugusa, natafuta kidoa cheusi juu ya maji ya kijivu. Na hapo ndipo ilipoharibika. Kamera iko juu ya kistendi, kwa kimo cha mteja aliyeketi. Nilipoinama, uso wangu ukatoka pichani. Programu ikanitafuta, na nyuma yangu ikakuta uso mwingine, umewashiwa taa, kitambaa cheupe mgongoni, kipara kimefutwa kwa leso, na umeitazama kamera kwa heshima zote. Ningekuwa mimi programu, ningemchagua yeye pia.

Nikageuza shingo kushoto kumtafuta adui. Rubani akaangalia mbele. Nikageuza zaidi, mpaka mfupa ukalia. Rubani ametulia, kifua mbele, kama anayesubiri kuhesabiwa. Nikadhani ni intaneti, maana seva iko Ulaya na nimezoea mambo kufika yakiwa yamechelewa. Nikageuka kulia, nikageuka juu, nikawa nachezesha kichwa huku na huko dukani, na mzee nyuma yangu, kama alivyonisimulia baadaye, akawa anasoma Ayatul Kursiy kimoyomoyo.

Mara mbu akamuuma shingoni. Akajipiga kofi. Rubani wangu akageuka kulia kwa kishindo, akaona mkia, akaona mbingu, akarudi mbele.

"Eh," nikasema, "imepona!"

"Nini kimepona?" akauliza Kipanga.

"Shingo."

"Basi geuka, huyo 109 amepanda tena! Mimi nashuka kumkata njia."

Maneno hayo ya mwisho sikuyasikia sawasawa, kwa sababu mzee alikuwa ameshachoka kuitazama kamera, akaanza kuvutwa na kilichokuwa kwenye kioo. Akainama mbele kidogo. Rubani naye akasogea mbele, duara la kulengea likajaa macho yangu, na ndani yake ikaingia ndege, kubwa, inakatiza toka kushoto kwenda kulia.

"Huyo anapita!" mzee akasema. "Mbona humpigi?"

Sasa ndege inayokatiza haipigwi ilipo. Kwa umbali ule risasi inasafiri kama theluthi ya sekunde, na ndege ya kasi ya kilomita 450 kwa saa inakuwa imesogea kama mita 40, yaani urefu wake mwenyewe mara nne au tano. Unailenga hewa tupu iliyo mbele yake na kumwachia yeye aje. Hesabu hiyo hukosea karibu kila mtu. Usiku ule haikukosea. Nilibonyeza sekunde mbili, risasi za bunduki zote nane zikakutana mahali pamoja, na bawa la kushoto likang'oka kwenye shina. Sijapata kupiga vizuri hivyo kabla wala baada.

"Nimepigwa!" Kipanga akapiga kelele. "Bawa limekwenda! Nani yuko nyuma yangu?"

Mzee akaweka mdomo karibu na sikio langu, yaani karibu na maikrofoni. "Mwanangu, hiyo si yenu? Mbona ina miduara kama ya kwako?"

Hewani pakawa kimya mpaka Maskati.

"Nani huyo?" Kipanga akauliza, akizunguka kuelekea majini.

"Mteja."

"Mteja anafanya nini vitani?"

"Amekuja kupiga picha."

Mzee akaisindikiza kwa macho ndege ya Kipanga mpaka ilipozama, kwa hiyo na mimi nikalazimika kuisindikiza, na ndiyo maana 109 haikuonwa na yeyote iliponijia kwa nyuma na kuitoboa injini. Pangaboi likasimama. Nikawa naelea kuelekea baharini kimya kimya, na pale kwenye kioo rubani wangu akaanza kutikisa kichwa, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kwa masikitiko makubwa. Mimi sikuwa natikisa kitu. Nikageuka nyuma. Mzee alikuwa anatikisa kichwa.

"Pole sana," akasema. Na kwenye kidirisha cha programu, pembeni kabisa, kulikuwa na mraba wa kijani umekizunguka kipara chake vizuri.

Kipanga hakutaka maelezo. Nikajitetea kwa historia. Nikamkumbusha kwamba Boelcke mwenyewe, mwenye kanuni zake, alikufa Oktoba 1916 baada ya kugusana angani na ndege ya mwenzake wa kikosi. Nikamkumbusha Tom Attridge, rubani wa majaribio wa Grumman, kampuni ya ndege ya Marekani, aliyefyatua mizinga ya ndege ya kivita ya F11F Tiger juu ya Atlantiki mwaka 1956, akashuka kwa kasi, akazifikia risasi zake mwenyewe njiani, zikamwangusha, na akapona.

"Huyo alijipiga mwenyewe," Kipanga akasema. "Alikuwa na adabu."

Mzee, ambaye sasa alikuwa amevuta kigoda mpaka begani kwangu, akataka kujua kwa nini nililenga pasipo na kitu na bado nikapata. Nikaanza habari za mita 40 na theluthi ya sekunde. Akanikatiza.

"Kwani utotoni hukucheza na manati? Njiwa akiruka unapiga mbele ya mdomo. Hayo mahesabu ya nini?"

Kipanga akacheka, akamtaka mzee arudie, na mzee akarudia kwa sauti ya juu zaidi, akaongeza habari za njiwa mmoja wa Pangani ambaye sina hakika kama alikuwa njiwa wa kawaida. Mimi nikapata nafasi ya kupiga picha. Ilikuwa taabu. Picha za aina hii hazitaki kucheka, na kila nilipomwambia atulie alilikumbuka bawa, midomo ikaanza kucheza. Mwishowe nikaipata moja amekaza uso, nikaikata, nikaichapa.

Nilipomkabidhi bahasha Kipanga akaniambia nimuulize anarudi lini toka Dar, maana kikosi kimepungukiwa watu wenye macho.

"Sirudi karibuni," mzee akasema akivaa kofia. "Picha hizi za viza. Nakwenda kwa mwanangu, Maskati."

Nikamfikishia Kipanga. Akanyamaza kidogo, kisha akasema atampokea yeye mwenyewe uwanja wa ndege, ila aje na manati.