Septemba ni mwezi wa pua

Simu yangu siku hizi inajua Kiswahili, na kila ifikapo Septemba hunitangazia kwamba vuli imeingia. Huinua macho nikatazama nje. Jua linawaka, udongo wa uani umepasuka kama kisigino kisichopakwa mafuta, na maji ya ndoo nayahesabu kikombe kikombe. Aliyeifasiri ile programu alikuwa akitafuta neno la majira ya Wazungu ya majani kupukutika, akaliona vuli limekaa, akalitwaa bila kuwauliza wenyewe. Vuli kwetu ni mvua. Ni ile ya Oktoba hadi Desemba, mvua ya kuchipuza. Tena Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hivyo hata ukifuata hesabu za kwenye ramani, Septemba upande huu wa dunia ni mwanzo wa machipuko. Na machipuko yenyewe ni ya karatasini tu, maana mchana wetu mrefu kuliko yote unaupita ule mfupi kwa nusu saa hivi, basi.

Mti pekee mtaani unaojaribu kuwapa haki wafasiri hao ni mkungu ulio karibu na msikiti. Majani yake hugeuka mekundu, yakaanguka, na mfagiaji akalalamika. Lakini kabla hajamaliza kulalamika mti umeshatoa mengine.

Msimu tulio nao una jina lake: demani. Kusi, iliyovuma tangu Aprili ikachafua bahari na kuwafunga wavuvi nyumbani mwezi wa Juni na Julai, sasa imechoka. Kaskazi bado haijafika. Katikati yake pana majuma kadhaa ya upepo mwanana, na jioni nyingine, baada ya alasiri, hakuna jani linalotikisika. Watu hulalamikia joto hilo la kutulia. Mimi nalingojea mwaka mzima, kwa sababu moja: harufu hukaa. Wakati wa kusi unaweza kuwa na asumini elfu uani, upepo ukazoa harufu yote ukaipeleka bara, ukakuachia vumbi la chumvi kwenye majani. Demani ikiingia, kile kilichochanua kinabaki pale pale kilipochanua. Ukifungua mlango wa nyuma magharibi inapoadhiniwa, unajua papo hapo ni nini kiko tayari, hata taa zikiwa zimezimika.

Ndipo hutambua pia nyumba gani imepanda maua kwa ajili ya pua na ipi imepanda kwa ajili ya macho. Na hapa nina ugomvi wangu. Mombasa tumeanza kupanda maua ya kupigwa picha. Nenda ukatazame bustani mpya, kuanzia Nyali hadi Mtwapa: zina rangi, zina mpangilio, zina mawe meupe yaliyopangwa kwa mstari, na ukipita saa moja usiku hazinuki chochote isipokuwa jenereta.

Uani kwangu, Tudor, hapafiki mapana ya vitanda vinne. Ardhi yenyewe ni ya mawe ya matumbawe, ukichimba shubiri mbili jembe linalia. Kisima kipo, ila maji yake yana chumvi ya kutosha kupikia wali. Naeleza haya ili asije mtu akadhani nasema kwa sababu nina shamba. Maua yangu yanakunywa maji yaliyooshea mchele na yaliyosuuzia nguo, na samadi ya mbuzi nililetewa na kijana wa mkokoteni aliyenicheka mpaka akafika barabarani.

Kilichochanua zaidi wiki hii ni asumini. Huu mti hauna makuu, lakini una kanuni moja ambayo nyanyangu aliishika kama sala: maua hutoka kwenye tawi jipya. Usipokata, utabaki na kichaka kirefu cha majani na maua matatu ya kubahatisha. Kwa hivyo mwezi wa Agosti, watu wakiwa bado wamejifunika shuka kwa baridi ya kipupwe, yeye alishika mkasi na kuukata hadi unamwonea huruma. Mamangu alikuwa akimwambia, "Mama, umeuua." Nyanya hakujibu. Aliweka samadi shinani, akamwagia maji, akaendelea na shughuli zake. Mapema Septemba vitumba vilianza kuonekana, vidogo, vyeupe, vimefumba kama meno ya mtoto. Mimi hufanya vivyo hivyo hadi leo na kila mwaka naogopa kwamba safari hii nimeuua kweli.

Tena asumini haichumwi ikishafunguka. Huchumwa jioni ingali kitumba, ikafunguka yenyewe usiku, kwenye nywele au kwenye sahani yenye maji kando ya kitanda. Tulikuwa tukitumwa na kibakuli saa kumi na moja, tukionywa tusichume vile vilivyo kijani. Nyanya alivitunga kwenye uzi, au akavifunga pamoja na majani ya mrehani na kipande cha mkadi vikawa kikuba, cha kuchomeka nyweleni au kuvaa kifuani chini ya buibui. Mrehani aliukata vichwa kila ukitaka kuchanua, maana ukiachwa uchanue majani hupungua nguvu. Mimi ninaacha mmoja uchanue kwa ajili ya nyuki. Sijui angesema nini.

Indonesia na Ufilipino asumini hii hii wameipa hadhi ya ua la taifa. Sisi tuliijua kwa karne kadhaa, tukaifanya ya arusi, na sasa hata arusini inakimbizwa. Nilihudhuria arusi mwezi uliopita ambapo kila kitu kilikuwa waridi: waridi mezani, waridi mlangoni, waridi kwenye kiti cha bibi arusi. Nikainama ninuse moja. Hakuna kitu. Mawaridi ya aina ile, yanayolimwa kule Naivasha kwa ajili ya soko la Ulaya, yamechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili yawe na shina refu na yakae siku nyingi kwenye chombo baada ya kusafirishwa kwa ndege, na harufu ilitolewa kafara humo humo. Siwalaumu wakulima, wanauza kinachonunuliwa. Namlaumu mtu wa Mombasa aliyelipa pesa nyingi apambe arusi yake kwa maua yasiyonukia, na nyumba ya tatu kutoka kwake kuna mwasumini unaomwaga maua chini. (Shangazi ya bibi arusi aliniona nikiinama. Akaninong'oneza, "Hayanuki hayo mwanangu, nishajaribu." Tukacheka kidogo tukarudi kwenye biriani.)

Kisha kuna kilua, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa sababu ndilo ua ninalolipenda kuliko yote. Si zuri. Ni dogo, rangi yake ni ya kijani iliyoingia umanjano, na mgeni anaweza kupita mara kumi akidhani ni jani changa lililojikunja. Harufu yake lakini haina mfano kwangu, na hata likikauka bado linanukia. Wanawake waliliweka kwenye sanduku la nguo. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea, Bernard Verdcourt, alipoueleza mti huu kisayansi aliona hauingii katika jenasi yoyote iliyokuwepo. Akaufungulia jenasi yake, na jina alilochagua ni Mkilua. Spishi akaiita fragrans, kwa Kilatini yaani wenye kunukia. Basi jina la Kiswahili, lile la wanawake wa uani, ndilo linaloandikwa leo kwenye vitabu vya sayansi duniani kote. Ni mti wa kwetu, wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, hauhitaji dawa wala mbolea ya dukani. Nenda sasa kwenye vitalu vya kando ya barabara ukauulizie. Mimi nimeuliza vitalu vitano. Wanne hawakuwahi kulisikia jina. Wa tano, kijana mwenye adabu, alinionyesha mche wa kitu kingine na kuniapia kuwa ndicho. Wa kwangu nilipewa na bibi mmoja wa Kibokoni aliyeng'oa chipukizi na kulifunga kwenye gazeti lenye maji, na ulichukua miaka kabla ya kunipa ua la kwanza.

Mlangilangi sina, nafasi haitoshi, ule ni mti unaokua mrefu kuliko nyumba. Lakini jirani wa nyuma anao, na usiku wa demani ni kama ninao. Wangazija wanapeleka mafuta yake nje kwa watengeneza manukato. Sisi yanatufikia bure juu ya ukuta. Ua lake huwa kijani kwanza, na harufu hasa huja likigeuka manjano.

Sitaki niseme kwamba kila chenye harufu ni cha kupandwa. Kuna vinavyojiotea. Mpapai dume nilitakiwa niukate tangu mwaka jana. Kila aliyekuja aliniambia, "Huo hauzai, unakula nafasi." Ni kweli hauzai. Lakini vishada vyake virefu vinavyoning'inia hutoa harufu tamu giza likiingia, na nondo wakubwa huja kuvinywa wakiwa wameelea hewani kama ndege chozi. Halafu bila dume kuwa karibu, mpapai jike wa jirani utapata wapi mbelewele? Nimemwambia mwenye mpapai huo kwamba namdai shukrani na papai moja kwa mwezi. Bado tunajadiliana.

Juu ya yote hayo uko mwembe, wa aina ya ngowe, ambao nusu yake iko kwetu na nusu iko kwa watu. Usiku wa Julai na Agosti hapa huteremka hadi nyuzi 20 hivi, na ingawa mtu wa Limuru atacheka, kwa mwembe hiyo ni baridi ya kutosha kuushtua utoe maua badala ya majani. Sasa vishada vingine bado vimechanua na vingine vimeshaanza kushika vidaka. Kishada kimoja kina maua mamia kwa mamia, na maembe yatakayokomaa hapo utayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kwa hivyo mkiona maua yamejaa chini msililie. Kinachonitia hofu ni mvua kuwahi: ikinyesha maua yangali wazi, huwa meusi na kuoza, na mwaka huo tunakula maembe ya kununua Kongowea. Harufu ya maua ya mwembe wengine hawaipendi, wanasema ina uchachu. Mimi naona ni harufu ya likizo ya Desemba iliyotumwa mapema. Maji moto, wale chungu wa mitini, nao wameshajenga viota vya majani huko juu. Siwafukuzi, wanakula wadudu, ila mpwa wangu aliyepanda kuokota mpira ana maoni tofauti.

Bogenvilia? Nilijua mtaniuliza. Inachanua, naam, tena vibaya sana, kila ukuta wa mji huu ni zambarau na rangi ya chungwa. Siichukii. Inastahimili ukame na udongo wetu wa chokaa, na ukiimwagilia sana inakukomoa kwa kutoa majani matupu. Lakini yale mnayoyaita maua si maua, ni majani yaliyotiwa rangi. Ua lenyewe ni lile jeupe dogo lililo katikati, ambalo hakuna anayelitazama. Ina jina la baharia Mfaransa, Louis-Antoine de Bougainville, na asili yake ni Amerika Kusini. Iwe mlangoni, izuie wezi kwa miiba yake. Uani mwangu haina kazi.

Ila hata bogenvilia ni afadhali kuliko kabro. Kabro ndiyo inayoyamaliza haya yote. Nyumba baada ya nyumba, ua unamwagwa vumbi la mawe, unapangwa matofali, unashindiliwa, na watu wanapongezana kwa usafi. Mchana yanameza joto, usiku yanalitema dirishani mwako. Mvua ya vuli ikija haina pa kuingia, inakimbilia barabarani, kisha sote tunashangaa maji yametoka wapi. Na asumini haioti juu ya tofali.

Mwenye nyumba wetu alikuja Ijumaa iliyopita baada ya swala, mtu mwema, tukanywa kahawa. Akaangalia uani, akasema mwezi ujao inshallah atatupangia kabro, tena bure, kodi haitapanda. Nikamwambia tuzungumze. Akasema hakuna la kuzungumza, ni zawadi.

Jumamosi asubuhi nilikwenda Marikiti nikanunua madebe manne ya mafuta yaliyokwisha, nikayatoboa chini. Vipandikizi vya asumini nimevichoma kumi na mbili kwenye makopo ya maziwa, kivulini, na vitatu vimeshatoa jani. Mrehani hauna shida, huo ukiutupa unaota. Mkilua ndio unaoninyima usingizi, mizizi yake imeingia kwenye nyufa za matumbawe na sidhani kama utakubali kung'oka. Jioni ya jana ulikuwa na maua mawili. Nilichuma moja nikampelekea mke wa mwenye nyumba.