Kato yupi, Katwe ipi?

Kwa Kiswahili mtu wa Gulu ni Mganda, wa Arua ni Mganda, wa Mbale ni Mganda. Lakini jaribu kumwita Mwacholi wa Gulu "Muganda", yaani mtu wa ufalme wa Buganda, pale Kampala uone atakavyokutazama. Kosa ni la lugha yetu. Wafanyabiashara wa pwani walipofika kwa Kabaka, mfalme wa Buganda, waliitamka Buganda "Uganda", Waingereza wakaandika walivyosikia, na baada ya 1894, walipotangaza ulinzi wao juu ya ufalme huo, jina likatambaa mpaka likafunika nchi nzima. Ufalme mmoja na nchi yenye makabila zaidi ya 50 vikabaki kutenganishwa na herufi moja, B. (Na kamusi ina mganda wa tatu: fungu la mabua au nyasi lililofungwa.)

Hapa Uingereza wenzetu kutoka Uganda wana lawama moja isiyokwisha: majina ya kwetu yanachanganya, afadhali ya huku. Mimi naona wanalaumu kisichohusika. Huku jina halichanganyi kwa sababu kazi yote inafanywa na namba. Kaunta itakuuliza jina la familia, tarehe ya kuzaliwa na postikodi, basi. Postikodi moja kwa wastani ina anwani kama 15, kwa hiyo namba ya nyumba pamoja na postikodi vinafikisha barua hata jina ukilikosea. Kwetu nyumba nyingi hazina namba, na barua inaishia kwenye sanduku la posta mjini. Kutoka hapo hadi mlangoni ni jina na midomo ya watu. Tena jina lenyewe tunagawana, na tunagawana makusudi.

Mchukue Kato. Msomaji wa Tanzania anawajua mapacha Kulwa na Doto. Kwa Baganda pacha wa kiume anayetangulia ni Wasswa, anayefuata ni Kato. Wa kike ni Babirye na Nakato. Anayezaliwa baada ya mapacha ni Kizza, na baada yake Kamya. Baba anakuwa Ssalongo na mama Nnalongo, na majina hayo huyameza ya zamani: ita "Nnalongo!" sokoni Owino, Kampala, uone vibanda vingapi vitaitikia. Nenda Bunyoro, Kato bado ni pacha wa pili, ila aliyemtangulia ni Isingoma. Ankole aliyemtangulia ni Kakuru. Busoga ni Waiswa na Tenywa. Acholi ni Opio na Ocen, na anayewafuata ni Okello. Mtu akijitambulisha kwa jina la Kato, umeshajua kwamba yupo mwenziwe aliyemtangulia, na mama yao utamwamkiaje. Smith (yaani mhunzi) wa London hakwambii hata kama babu yake aliwahi kushika nyundo. (Japani nako wamo akina Kato wengi, lakini kule ni jina la familia, halina pacha ndani yake.)

Tooro na Bunyoro wamekwenda mbali zaidi. Empaako ni majina 12 tu, Amooti, Akiiki, Atwooki, Abwooli, Adyeri na mengine, yanayogawanwa na jamii nzima. UNESCO iliuingiza utaratibu huo mwaka 2013 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Empaako si ya kumtafutia mtu kwenye daftari, ni ya kumsalimu na kumheshimu. Kumtenganisha na wajina wake ni kazi ya maneno yanayofuata: Kato wa vyuma, Kato wa kisimani, Kato mtoto wa fulani. Wales walikuwa na dawa hiyohiyo. Akina Jones walipojaa kijiji kizima wakaitwa kwa kazi zao, Jones wa Maziwa, Jones wa Nyama, na hakuna aliyeona ni ushamba.

Kinachotuumiza ni fomu yenye visanduku viwili, jina la familia na jina la kwanza, tuliyoichukua kwa Waingereza bila kuuliza kama inatufaa. Kwa Baganda baba humpa kila mtoto jina lake kutoka ukoo wa baba, kwa hiyo ndugu wa tumbo moja si lazima wafanane jina lolote. Baba na watoto watatu wanafika uwanja wa ndege wa huku na majina manne kwenye kile kisanduku cha familia, na afisa wa mpaka ana haki ya kuuliza hawa ni watoto wa nani. Beba vyeti vya kuzaliwa vyenye majina ya wazazi wote wawili, uviweke kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku lililokwenda chini ya ndege. Aliyeandikishwa jina moja tu akienda Marekani, viza yake hujazwa FNU, yaani jina la kwanza halijulikani. Wapo wanaoitwa Fnu kazini mpaka leo.

Tahajia ndiyo mwiba wa pili: Wasswa na Waswa, Kizza na Kiiza, Ocen na Ochen. Cheti cha shule kina moja, kitambulisho cha taifa kina nyingine. Kama tofauti ni ya herufi au mpangilio, hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, inayosema majina yote ni ya mtu mmoja, mara nyingi inatosha. Kubadilisha jina lenyewe ni safari nyingine: tangazo katika Gazeti rasmi la serikali, kungoja siku zisizopungua 7, ndipo upeleke ombi.

Kwenye pesa sina huruma na jina. Anayetuma pesa kwa simu kutoka huku akaandika "Kato" kwa kuwa ndivyo anavyomwita, pesa inaweza kusimama njiani, maana laini imesajiliwa kwa majina ya kitambulisho, pengine hata kwa majina ya shangazi aliyeinunua. Omba picha ya upande wa mbele wa kitambulisho. Nakili majina yote kwa mpangilio uleule, na usiongeze jina la utani. Kisha mwombe mtu aliye nyumbani, mwenye laini ya mtandao uleule, aanze kutuma kiasi kidogo kwa namba hiyo (*165# kwa MTN, *185# kwa Airtel): jina la mwenye laini hujitokeza kabla ya namba ya siri, naye anaghairi hapo. Likiwa si lile la kitambulisho, tatizo limejulikana kabla pesa haijaondoka. Benki za Uingereza zilianza kulinganisha jina na akaunti namna hiyo mwaka 2020 tu. Simu zetu zilikuwa zinatuonyesha jina zamani.

Mahali ndipo penye vurugu kubwa zaidi. Katwe ya Kampala ni ya mafundi wa vyuma: mageti, majiko, masufuria. Katwe ya Kasese ni ziwa la chumvi ndani ya kreta, zaidi ya kilomita 300 magharibi. Masaka nayo ina Katwe. Kisenyi, neno la bonde lenye majimaji, utaikuta karibu kila mji uliojengwa kando ya kinamasi. Kiyira ni Mto Nile kwa Kiganda, Kiira ni bwawa la umeme la Jinja na pia kampuni ya magari, na Kira ni manispaa ya Wakiso isiyohusika na mto huo wala bwawa hilo.

Kundi baya kabisa ni hili. Kabale iko Kigezi, karibu na ziwa Bunyonyi. Kabaale iko Hoima, kwenye uwanja mpya wa ndege. Kibale ni msitu wa sokwe karibu na Fort Portal. Kibaale ni wilaya ya Bunyoro. Mwenyeji anazitenganisha kwa sikio, kwa sababu irabu ndefu inasikika kama ilivyo kwa Kiswahili kati ya "kufaa" na "kufa". Mgeni anayesoma simu haoni tofauti, na akikosea anapoteza siku nzima ya safari. Kwa hiyo taja ngazi zote: kijiji, parishi, kaunti ndogo, wilaya, halafu steji ya bodaboda iliyo karibu.

Busia ni mji wa Uganda na mji wa Kenya, umekatwa na mpaka, Kiswahili kilekile pande zote. Mzigo ulioandikwa Busia peke yake unaweza kulala upande wa pili. Andika nchi, na namba ya simu ianze na 256 au 254. Mwenye boda atasoma namba kabla hajasoma jina.