Alama za darasani, tusiwasingizie walimu uvivu

Mwandishi wa makala moja niliyoisoma anadai alama za maendeleo, yaani zile anazopata mwanafunzi shuleni kabla ya mtihani wa taifa wa mwisho, zinapikwa kwa sababu walimu ni wavivu. Nimefundisha kemia kisiwani Ukerewe kabla ya kuhamia Ilemela, mkoa huohuo wa Mwanza, na hapo naona ameshika mkia akaacha kichwa. Alama hizo zinabeba 30 kati ya 100 za matokeo ya kidato cha nne, si za mchezo, lakini mwalimu mmoja mwenye mikondo minne (madarasa manne ya kidato kimoja) anatunga mtihani mwenyewe, anasahihisha mwenyewe, anajaza mwenyewe. Nani anamwangalia? Nilikuwa na mwanafunzi wa 78 darasani, moko (mtihani wa majaribio) ikampa 31, na aliyeshtuka ni mimi peke yangu. Wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, walipofika (ziwa likitulia) walipekua maazimio ya kazi na maandalio ya somo, yaani mipango ya mwalimu ya kufundisha. Karatasi za mtihani zilizosahihishwa hawakuomba hata moja. Kilichotusaidia ni kukubaliana na shule jirani: wao wasahihishe zetu, sisi zao, kwa mwongozo mmoja wa kusahihisha tuliokaa kuuandika pamoja, na karatasi kadhaa za juu, za kati na za chini zitunzwe kabatini. Muhula wa kwanza wastani ulianguka, mkuu wa shule akanuna, na pale mwaloni, boti zinapotia nanga, mzazi mmoja akaniuliza mbele ya watu, "Mwalimu, mwanangu kakukosea nini?" Nilikosa jibu. Wenzangu wa Sengerema na Magu, kwenu karatasi zinasahihishwa na nani, na mkuu wa shule anakubali wastani ushuke?